Nembo ya Ofisi ya Kutetea Askari Wastaafu: Ua, Tai, Mwenge au Ngao?

Mama yangu ni mjane wa askari. Kwa miaka mingi karatasi za marehemu baba zimekaa ndani ya bahasha moja ya kaki: cheti cha kumaliza utumishi, hati ya kifo, na barua tatu zenye muhuri uliofifia. Siku moja nilimsindikiza kwenye ofisi tuliyoambiwa inasaidia wajane kufuatilia mafao. Getini palikuwa na kibao chenye bunduki mbili zilizopishana. Mama alisimama, akakitazama kibao, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa ni kwa wanajeshi wenyewe." Ofisi ile iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Kibao ndicho kilichomrudisha nyuma.

Mimi nachora nembo na kutengeneza mihuri. Vikundi vya askari wastaafu vinapokuja kwangu, mara nyingi vinakuja na wazo lililokwisha kuiva: bunduki mbili, au ua jekundu waliloliona kwenye picha za Uingereza. Ulinganisho huu nimewaandikia wao, hasa kamati ambazo bado zinavutana mezani. Kila alama nimeipima kwa maswali mawili. Inamwambia nini mtu aliyesimama getini na bahasha yake? Na ikigongwa kwa muhuri wa wino kwenye barua, itaonekana?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kamati nyingi huyachanganya. Mnara wa kumbukumbu unasema na waliokufa. Ofisi ya utetezi inasema kwa niaba ya walio hai: mstaafu ambaye pensheni yake imekwama, aliyepoteza mguu na hajalipwa fidia, mjane anayezungushwa na karatasi za mirathi. Alama iliyo nzuri juu ya kaburi inaweza kuwa mbaya juu ya mlango.

Ua jekundu na ua la buluu

Maua haya mawili yaliota kwenye mashamba yale yale. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoifukua ardhi ya kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji kwa mizinga, mbegu zilizokuwa zimelala chini ziliamka: mpopi mwekundu, na bleuet, kiua cha buluu cha kwenye mashamba ya ngano. Waingereza wakachukua jekundu, Wafaransa wakachukua la buluu.

Habari ya mpopi ilianza na shairi la daktari wa jeshi la Kanada, John McCrae, aliloliandika Mei 1915. Mwaka 1918 Mmarekani Moina Michael akaanza kulivaa ua hilo, Mfaransa Anna Guérin akalipigia debe nchi kwa nchi, na mwaka 1921 chama cha askari wa zamani wa Uingereza, ambacho leo ni Royal British Legion, kikalifanya alama yake. Mwaka uliofuata Meja George Howson alifungua karakana London ambako askari waliolemaa vitani waliajiriwa kuyatengeneza maua yenyewe. Hapo mpopi ulianza kuwalisha walio hai, lakini maana yake ilikuwa imekwisha kukaa: damu na makaburi.

Bleuet ilianza upande wa pili. Mwaka 1916, kwenye hospitali ya kijeshi ya Les Invalides mjini Paris, wanawake wawili, Suzanne Lenhardt, muuguzi ambaye mumewe aliuawa vitani, na Charlotte Malleterre, waliwaona majeruhi wamekaa bila kazi na bila kipato. Wakawafungulia karakana. Watu waliokatwa viungo wakawa wanakata vitambaa na karatasi, wanaunda maua, wanayauza na kupata chochote mfukoni. Jina nalo lilikuwa la watu: vijana walioingia vitani na sare mpya za buluu waliitwa bleuets na wakongwe waliokwisha chakazwa na matope ya mahandaki. Kwa hiyo ua hili tangu siku ya kwanza lilikuwa la majeruhi aliye hai na la kijana mgeni wa vita. Leo linasimamiwa na ofisi ya taifa ya Ufaransa ya wapiganaji na waathirika wa vita, ofisi ambayo inawahudumia pia wajane, pamoja na yatima ambao tangu sheria ya mwaka 1917 wanahesabiwa kuwa watoto wa taifa.

Kama kamati yako imeng'ang'ania ua, basi funzo liko kwa bleuet. Lakini nisiwafiche, maua yote mawili yana shida yakifika kwetu. Wazee waliopigana kule Burma wakiwa ndani ya KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, wamevaa mpopi kila Novemba kwenye makaburi ya vita, na heshima hiyo ni yao. Wajukuu zao hawalijui ua lile, halioti kwenye makonde yetu, na hakuna methali wala kanga inayolitaja. Nembo inayohitaji maelezo ya dakika kumi haimsaidii mama aliyesimama getini.

Tena mpopi una mizigo yake. Mwaka 1933 wanawake wa chama cha ushirika cha Uingereza walitoa mpopi mweupe, wakiona kwamba mwekundu haulizi vya kutosha kuhusu amani. Ireland ya Kaskazini ua hilo linagawa mitaa mpaka leo. Novemba 2010 ujumbe wa serikali ya Uingereza ulipokwenda Beijing uliombwa kuvua mipopi, maana kwa Wachina ua hilo linakumbusha Vita vya Kasumba, ambavyo Uingereza ilipigana nao kwa ajili ya biashara ya afyuni, dawa inayotokana na mipopi. Waziri mkuu wa Uingereza akakataa. Na kuna sheria: nchini Kanada Bunge lilikabidhi haki ya alama hiyo kwa Royal Canadian Legion mwaka 1948, na Uingereza mchoro wa mpopi wa Legion ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Kikundi kinachoinakili picha hiyo kutoka mtandaoni na kuipeleka kwenye usajili kinajitafutia barua ya mwanasheria.

Tai na kamba yake

Wizara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani ilipopandishwa hadhi kuwa wizara kamili mwaka 1989 ilipata nembo mpya. Tai ametanua mabawa. Kwenye kucha ameshika bendera mbili, moja ya nyota 13 na nyingine ya nyota 50, yaani historia yote ya nchi kutoka makoloni ya mwanzo hadi majimbo ya leo. Juu kuna nyota tano kwa vikosi vitano vya ulinzi. Bendera hizo mbili zimefungwa pamoja kwa kamba ya dhahabu, na kamba hiyo ndiyo waliokufa wakitumikia nchi. Tai ameishika ili kumbukumbu yao isidondoke.

Kamba hiyo ndiyo kitu nilichokipenda kuliko vyote kwenye nembo zote nilizozichunguza. Hakuna fuvu, hakuna jeneza, hakuna damu. Waliokufa wamekuwa kile kinachowashikanisha waliobaki. Mtu wa Kigoma au wa Lamu anaelewa bila kuelezwa, kwa sababu kamba tunaijua: inafunga kuni, inafunga jahazi gatini, inafunga ng'ombe.

Nyota tano, kwa upande wake, ni onyo. Desemba 2019 Marekani ilianzisha kikosi cha sita, cha anga za juu, na hesabu ya nyota ikapitwa na wakati siku hiyo hiyo. Maneno pia huchakaa. Wizara hiyo ilikuwa imechukua kauli ya Rais Abraham Lincoln ya Machi 1865 kuhusu kumtunza yule mwanamume aliyeubeba mzigo wa vita, mjane wake na yatima wake. Mwaka 2023 wakaibadili kauli ya wizara ili iwatambue na wanawake waliopigana wenyewe. Kwa hiyo usihesabu vikosi, mikoa wala vita kwenye nembo. Na maneno ukiyaweka, yasimwache nje mwanamke. Kiswahili kimetupunguzia kazi hapo, "askari" wetu hana jinsia.

Kwenye muhuri wa wino, nembo ya namna hii inakufa. Nimejaribu ndege mwenye bendera mbili na nyota ndani ya duara la sentimita nne. Baada ya kugonga mara hamsini, kinachobaki kwenye karatasi ni doa.

Silaha iliyosimama na silaha iliyolala

Hapa ndipo kamati nyingi za kwetu hukwama, na pana haki ya kukwama, kwa sababu silaha ni lugha ya heshima. Siku ya Mashujaa, Julai 25, pale kwenye mnara Tanzania haiwawekei mashujaa wake maua matupu. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee huweka shoka. Ninaiona ibada hiyo kuwa kati ya mambo mazuri tuliyojitungia wenyewe. Kila aliyesimama pale analeta chombo chake.

Lakini zitazame silaha hizo zikoje. Zinawekwa chini. Hazielekezwi kwa mtu.

Tofauti hiyo, ya silaha iliyosimama na iliyolala, ndiyo ningependa kila kamati iielewe kabla ya kuchora. Kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, likiwemo lile la Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, msalaba mkubwa wa mawe unabeba upanga wa shaba ulioelekeza ncha chini. Vita imekwisha, mwenye upanga amepumzika. Afrika Kusini ilipozindua nembo yake mpya ya taifa Aprili 27, 2000, mkuki na rungu vilichorwa vimelala, na maelezo yao ni kwamba kulala huko ni amani. Nchi ile ilikuwa na sababu. Jeshi la ukombozi la ANC liliitwa Mkuki wa Taifa, Umkhonto we Sizwe, na ofisi ya serikali inayohudumia wanajeshi wa zamani inawapokea waliokuwa upande huo pamoja na waliokuwa jeshi la makaburu. Mkuki uliosimama ungekuwa wa upande mmoja. Uliolala unaweza kuwa wa wote.

Bunduki zilizopishana, kama zile za kibao alichokiona mama, zinasema kambi, lindo, hapapitiki. Kikosi kilicho kazini kinazihitaji. Ofisi ya kupokea wajane haizihitaji kabisa, na hapa sina la kupunguza: ziondoeni. Wapo wanaonijibu kwamba bila silaha nembo haina ujeshi. Ujeshi wa mstaafu uko kwenye miaka aliyotumikia, na haumtoki kwa kukosa bunduki ubaoni.

Ngao ni habari nyingine. Iko katikati ya bendera ya Kenya, iko katikati ya nembo ya taifa ya Tanzania, na kwenye mazungumzo ya kila siku ngao ni mtu anayekukinga. Wakenya huimba wakiomba haki iwe ngao na mlinzi, na sijaona maneno yanayoifaa ofisi ya utetezi kuliko hayo. Ngao bila mkuki inamwambia mwenye bahasha: ingia, tutasimama mbele yako. Umbo lake ni rahisi, linabaki ngao hata wino ukikauka nusu.

Mwenge

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha Mwenge wa Uhuru juu ya Mlima Kilimanjaro. Miaka miwili kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa amesema tunataka kuuwasha mwenge huo umulike hata nje ya mipaka, ulete tumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki, na heshima palipojaa dharau. Aliyeupandisha alikuwa askari, na hilo la heshima palipojaa dharau ni kama limeandikwa kwa ajili ya mzee aliyepangishwa foleni tangu alfajiri na kuambiwa arudi wiki ijayo. Ninaelewa kwa nini wastaafu wa Tanzania wanaupenda.

Hata hivyo ninawashauri wauache, kwa sababu moja nzito. Mwenge ni wa dola. Unakimbizwa nchi nzima kila mwaka, unazindua miradi, unapokewa na wakuu wa mikoa. Ofisi ya utetezi kuna siku itabidi iiandikie wizara barua kali kuhusu malipo ya mtu. Barua hiyo ikibeba alama ya yule yule inayemlalamikia, msomaji hajui nani anasema na nani, na mstaafu mwenyewe ataogopa kwamba amekuja kuishtaki serikali kwa serikali. Kama ofisi yenu ni idara ya serikali kweli, basi mwenge una nafasi, na kibali kiombwe.

Yule asiyebeba bunduki

Nimebakiza alama ya mtu mwenyewe. Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari, ya shaba, iliyozinduliwa 1927 mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann. Askari ameshika bunduki yenye singe na anaelekea bandarini. Nairobi nayo ina mnara wake wa 1928 kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, kazi ya mchongaji yule yule, James Alexander Stevenson. Ukiiweka picha ya sanamu hizi mbili sambamba utaona tofauti kubwa: wa Dar es Salaam yuko peke yake, wa Nairobi wako watatu, na mmoja wao hana bunduki. Ni mpagazi.

Mpagazi ndiye aliyekibeba kile kipande cha Vita ya Kwanza kilichopiganwa kwetu. Risasi, chakula na majeruhi vilikwenda kichwani na mgongoni, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi chao. Maandishi ya minara hiyo, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayakuandikwa pale. Aprili 2021 kamisheni ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000.

Ndiyo maana naogopa nembo yenye askari mmoja mwenye bunduki, hata ikichorwa vizuri namna gani. Inarudia kosa la zamani. Inamwacha nje mpishi wa kambini, muuguzi, dereva, fundi wa redio, na mke aliyehamahama na mumewe kambi kwa kambi.

Nikiulizwa mimi

Kwa ofisi inayosimamia madai ya wastaafu na familia zao, ningechagua ngao tupu, isiyo na mkuki, imezungushiwa kamba. Ngao kwa sababu ya kazi ya ofisi. Kamba kwa sababu mbili: inashika kumbukumbu ya waliokufa kama ile ya tai, na ni kamba ya mpagazi, ile iliyofunga mzigo. Rangi isizidi mbili. Kijani cha jeshi kinatosha kusema tunatoka wapi, na nyeusi inanakilika kwenye mashine ya fotokopi ya mtaani. Jina la ofisi liandikwe kwa Kiswahili kuzunguka ukingo, na neno wajane lionekane. Neno "veterani" ningeliacha, kwa sababu kwetu mtu akilisikia anafikiria timu ya mpira ya wazee.

Kama chama chenu ni cha kukumbuka waliokufa tu, na hamna kazi ya madai, silaha iliyolala inafaa kuliko ngao: sime au upanga wenye ncha chini. Kama ni cha wazee wa KAR waliobaki na watoto wao, ua jekundu ni haki yao, ila mchoro uwe wenu wenyewe. Kama mna mradi wa kazi za mikono kwa waliolemaa, fanyeni walivyofanya wale wanawake wawili wa Paris, tafuteni ua la kwenu na walemavu ndio walitengeneze. Langu lingekuwa asumini.

Bado sheria. Nembo ya taifa, iwe ya Tanzania au ya Kenya, haiwekwi kwenye barua ya chama bila idhini, hata kipande chake. Msalaba mwekundu usiuguse, hata kama mnatoa huduma ya afya. Unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 pamoja na sheria za nchi, na faini yake haina huruma kwa kikundi kidogo.

Rasimu zikiwa tayari, msipige kura siku hiyo hiyo. Chongesheni mihuri ya majaribio, haina gharama kubwa, mgonge kila mmoja kwenye karatasi ya kawaida kisha mtoe kopi ya kopi. Mchukue karatasi hizo kwa wajane watatu ambao hawakuhudhuria kikao chochote. Msiwaeleze kitu. Waulizeni tu ni mlango gani kati ya hii wangebisha hodi. Mimi nilimpelekea mama karatasi yenye ngao na kamba. Aliishika karibu na dirisha, akaifuata kamba kwa kidole mpaka ilipokutana, akaniuliza ofisi hiyo iko wapi na inafunguliwa saa ngapi.